Kondoo Jike Hapigi Kelele

Ng'ombe akiingia kwenye joto, hata jirani anajua. Hulia usiku, hupunguza kula, huparamia wenzake. Kondoo jike hana vituko hivyo. Huchezesha mkia, humsogelea dume, husimama apandwe, basi. Dume asipokuwepo, joto lake la saa 24 hadi 36 linapita kimya, lirudi tena baada ya siku 17 hivi.

Wilayani Kyela kondoo si wengi kama ng'ombe, na anayefugwa karibu na majaruba hufungwa kamba asije akaufyeka mpunga wa watu. Kamba inaokoa mpunga, lakini inamzuia jike kumfuata dume. Mfugaji anabaki kubahatisha tarehe.

Na tarehe ina uzito wake. Uingereza, mchana ukianza kufupika, kundi zima huingia msimu wa kupandana. Kyela mchana mrefu kuliko yote unauzidi ule mfupi kwa kama saa moja tu, hivyo kondoo wetu anaweza kupandwa mwezi wowote. Mimba yake ni takriban siku 150. Apandwe Novemba, mvua zinapoanza, atazaa Aprili: Mito ya Kiwira na Mbaka imefura, malisho yamelowa, minyoo imeshamiri.

Ulaya wafugaji wamezoea kumpaka dume ngeu kifuani. Jike aliyepandwa anajulikana kwa kiuno chekundu. Ujanja mzuri, ila rangi haisemi ilikuwa saa ngapi wala mara ngapi, na katika wilaya inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka mtu angeshinda na kopo la rangi mkononi.

Kihisi cha mwendo kifuani mwa dume kinafanya kazi ya ngeu bila kuchafua manyoya. Mtazame dume kwanza: ananusa mkojo wa jike, anainua kichwa, anabenua mdomo wa juu kama anayecheka peke yake, kisha anapanda. Kifua chake, kilichokuwa sambamba na ardhi, kinainuka ghafla, kinasukuma, kinashuka. Kifaa kidogo kilichofungwa hapo kinahisi mwinamo huo. Ni cha aina ile ile inayogeuza skrini ya simu ukiilaza. Watafiti wa Montpellier, Ufaransa, waliongeza kisomaji cha redio kifuani mwa dume na kitambulisho kwa kila jike, ili mashine ijue nani amepandwa na saa ngapi.

Tanzania nusu ya kifaa hicho tunayo tayari, au karibu nusu. Kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 inavisha mifugo hereni za kielektroniki. Hereni kama hiyo haina betri; mawimbi ya kisomaji ndiyo yanayoiamsha, nayo hutaja namba yake. Tatizo ni sikio. Dume akiwa juu ya jike, kifua chake kiko kiunoni, na sikio liko mbali na kisomaji kidogo. Kitambulisho kingetakiwa kukaa nyuma, na kondoo wetu wa manyoya mafupi hana sufu ya kukigandishia.

Mwenye majike matatu, kwa maoni yangu, hahitaji mashine. Mtoto anayewapeleka malishoni anatosha. Mwenye hamsini ndiye wa kuifikiria, na hata yeye asidanganyike: kihisi kinaandika kupanda, hakiandiki mimba. Dume mchanga hupanda akakosa. Jibu analipata siku ya 17, jina la jike yule yule likijitokeza tena au lisijitokeze.