Samaki wa Magamba ya Fedha na Haki ya Mtoto Mdogo

Jambo hili hutokea katika nyumba zetu nyingi. Huja mgeni na mwanawe, watoto wakakaa ukumbini kucheza, mara wakagombania mpira. Mama mwenye nyumba, kwa kuona haya, humpokonya mwanawe mpira ule akampa mtoto wa mgeni, na huku akisema, "Muachie mwenzio, usiwe bahili." Mgeni hufurahi, na mtoto hulia. Je, mtoto huyu amefunzwa ukarimu, au amefunzwa kwamba mwenye nguvu ndiye achukuaye?

Swali hili limetujia kwa ajili ya kitabu kimoja cha picha wasomewacho watoto ambao hawajafika umri wa kutiwa skuli. Jina lake kwa Kijerumani ni Der Regenbogenfisch, yaani Samaki wa Upinde wa Mvua. Kilitungwa na kuchorwa na Marcus Pfister wa Uswisi, kikatolewa mwaka 1992, na tangu hapo kimefasiriwa katika lugha nyingi. Magamba ya samaki yule yametiwa karatasi imetametayo, hata mtoto huyapapasa kwa kidole akidhani atayabandua.

Kisa chenyewe ni kifupi. Samaki huyu alikuwa mzuri kuliko wote baharini. Wenziwe walipomwita kucheza, aliwapita kwa kiburi bila ya kujibu. Siku moja samaki mdogo wa rangi ya buluu akamwomba gamba moja, naye akamkaripia. Wote wakamsusa. Alipoona upweke umemzidi, alimwendea kiti cha pwani, akaelekezwa kwa pweza mwenye hekima akaaye pangoni. Pweza akamshauri agawe magamba yake. Hatakuwa tena mzuri kushinda wote, walakini atajua furaha. Akampa yule mdogo gamba moja, kisha wengine, mpaka akabakiwa na moja tu, akaenda kucheza nao kwa moyo mkunjufu.

Wako waliokilaumu kitabu hiki kwa kusema kwamba kinamfunza mtoto kununua urafiki. Lawama hii si ya kupuuzwa, kwani rafiki akutakaye kwa ulicho nacho huondoka siku kikiisha. Lakini na tuutazame mwanzo wa kisa. Siku ile ya kwanza hapana aliyetaka gamba. Walitaka kucheza naye tu. Basi kitu cha kwanza alichowanyima wenziwe hakikuwa mali, kilikuwa ni uso mkunjufu, nao hauna gharama. Tena yule mdogo hakunyakua, aliomba.

Na katika kuomba huku yako mafunzo makubwa kwetu sisi wazazi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji akanywa, na kuliani kwake alikuwako mtoto, na kushotoni watu wazima. Akamtaka mtoto yule ruhusa awape wakubwa kwanza. Mtoto akakataa kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume, naye akamtilia chombo mkononi mwake. Mbele ya wazee wote wale, mtoto aliombwa, hakupokonywa.

Basi, enyi wazazi, na nyinyi vijana wenye wadogo zenu, someni nao visa kama hivi jioni mkekani, muwaulize: wenziwe walitaka nini kwanza? Na mgeni ajapo, mwombeni mtoto. Akikubali, msifuni, akikataa, msimwaibishe, bali wafundisheni kucheza kwa zamu. Kisha mpeni sahani ya futari aipeleke kwa jirani kwa mikono yake mwenyewe, apate kuona furaha ya yule apokeaye. Mkono uliopokonywa hujifunza kufumba, na mkono ulioombwa hujifunza kufumbua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wana wetu mikono mikunjufu, na sisi atujaalie subira ya kuwangoja. Amin.