Barua za mchezaji Henry Irving, na barua zetu



Wengi wetu tunafikiri ya kwamba historia inapatikana katika barua kubwa tu: za wafalme, za maaskofu, za majemadari. Barua ndogo, za kualika mtu kwenye chakula, za kusema asante, za kumfariji mfiwa, tunazisoma mara moja, kisha tunawashia moto. Tutazame leo barua za namna hiyo za mtu mmoja.

Mtu huyo alizaliwa Uingereza tarehe 6 Februari 1838, jina lake John Henry Brodribb. Alipoingia kazi ya kuigiza katika teatro alijipa jina Henry Irving. Mwaka 1878 alishika uongozi wa teatro ya Lyceum, mjini London.

Katika sheria za zamani za Uingereza, wachezaji wa teatro walihesabiwa pamoja na wazururaji, na watu wengi wa dini waliwaogopa. Irving alitaka kazi yake iheshimiwe. Mwaka 1883 waziri mkuu Gladstone alitaka apewe cheo cha «Sir», akakataa. Mwaka 1895 alikubali, akawa mchezaji wa kwanza kupata heshima hiyo.

Barua zilimsaidia namna gani? Baada ya mchezo alizoea kualika wageni katika chumba kimoja cha Lyceum: wakubwa wa serikali, waandishi, wasafiri. Kila mgeni alihitaji barua ya mwaliko. Naye alijibu, kisha akaandika kushukuru. Wengine waliomba kiti, wengine msaada. Mtu aliyekula mezani pa mchezaji, na kumwandikia asante kwa mkono wake, hawezi tena kumwita mzururaji. Ndiyo kusema, zile barua ndogo zilifanya kazi ambayo hotuba peke yake haingeweza.

Lakini nani aliandika? Mwandiko wa Irving ulikuwa mgumu kusoma. Toka 1878 mpaka kufa kwake alisaidiwa na Bram Stoker, mtu wa Ireland, yule aliyetunga kitabu Dracula mwaka 1897. Stoker aliandika barua nyingi kwa ajili ya bwana wake. Kwa hiyo, anayesoma barua za zamani anapashwa kuuliza mambo matatu: Maneno ni ya nani? Mkono ni wa nani? Iliandikwa isomwe na nani? Makatekista wanaelewa vizuri, maana mara nyingi wanaandika barua kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma. Mzee anasema, katekista anaandika, na mara nyingine salamu zinaongezeka njiani. Si uongo, lakini msomaji ajue.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi. Katika kitabu chake cha mwaka 1906 juu ya Irving, Stoker anasimulia habari za Stanley, aliyekaa mezani pamoja nao. Ni Stanley yuleyule aliyepita bonde la Semliki mwaka 1889, chini ya milima ya Ruwenzori, si mbali na Beni. Lakini wapagazi waliobeba mizigo yake, na watu wa vijiji alimopita, hawakuandika barua kwa London. Basi, barua zinatuonyesha waliokaa mezani. Hazituonyeshi wote walioteseka njiani. Hilo tusilisahau.

Mchezo uliompatia Irving sifa nyingi mwishoni ni Becket, uliotungwa na Tennyson, na kuonyeshwa Lyceum mara ya kwanza mwaka 1893. Tarehe 13 Oktoba 1905, mjini Bradford, aliigiza kifo cha Askofu Mkuu huyo mtakatifu. Akarudi hotelini, akafa usiku uleule. Majivu yake yalizikwa Westminster, pamoja na wakubwa wa nchi.

Becket mwenyewe alikaa uhamishoni toka 1164 mpaka 1170. Sisi wa Butembo tuliona jambo linalofanana. Monsenyeri Emmanuel Kataliko, aliyekuwa Askofu wa Butembo-Beni toka 1966 mpaka 1997, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu, alizuiwa Februari 2000 asirudi mjini mwake, akakaa Butembo mpaka Septemba. Toka hapa aliwaandikia waamini wake. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule.

Barua zake kubwa zinajulikana. Lakini kama katika sanduku la nyumba fulani mna karatasi yake ndogo, ya pole au ya asante, itunzwe: mbali na unyevu, mbali na mchwa, na asiyehusika asiisome pasipo ruhusa.

Nanyi waseminari, mnapoandika, wekeni tarehe, pahali na jina kamili. Jibuni upesi. Barua fupi ya leo, kesho itakuwa shahidi wenu.