Chembe, Kani na Uhuria: Programu ya Kuiga Mienendo ya Udongo

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kauli hiyo yaweza kuwa muhtasari wa utendaji wa Yade, programu ambayo huiga mienendo ya udongo na miamba kwa kufuatilia chembe moja baada ya nyingine. Makala haya yanafafanua utendaji huo na kubainisha maana ya programu hiyo kuitwa huria.

Msingi wa Yade ni mbinu ya elementi bainifu, iliyoelezwa na Peter Cundall na Otto Strack mwaka 1979 katika jarida la Géotechnique. Katika mbinu hii, udongo hauchukuliwi kuwa kitu kimoja kilichoshikamana, bali mkusanyiko wa chembe, aghalabu zenye umbo la tufe. Kwanza, kompyuta hutafuta chembe zinazogusana. Pili, hukokotoa kani iliyopo baina yake: kadiri zinavyosongana ndivyo zinavyosukumana, na msuguano ukizidiwa, huteleza. Tatu, hutumia kanuni ya pili ya Newton kupata mchapuko wa kila chembe, kisha huisogeza hatua ndogo mno. Utaratibu huu hurudiwa mara maelfu, hata mamilioni. Hatua ikiwa kubwa kupita kiasi, hesabu huvurugika na chembe hutawanyika pasipo sababu ya kimaumbile. Kwa njia hii, mhandisi aweza kuchunguza jinsi mteremko unavyoweza kuporomoka kabla ya nyumba kujengwa chini yake.

Hapa ndipo suala la uhuria linapopata uzito. Yade hutolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza, mradi awape wapokeaji uhuru uo huo. Kiingereza hutumia neno moja kwa dhana mbili ambazo Kiswahili hutofautisha: bure, yaani bila malipo, na huria, yaani pasipo vizuizi. Programu ya bure ambayo msimbo wake umefichwa haimwezeshi mhandisi kukagua hesabu ambazo uhai wa watu unazitegemea. Programu huria humwezesha.

Hata hivyo, uhuria si kinga dhidi ya makosa. Kiwango cha msuguano kikikisiwa bila kupima udongo wenyewe, matokeo yatapotosha hata kama msimbo ni sahihi.

Kwa wanaisimu, uhuria una faida nyingine. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa kuwa leseni yake iliruhusu tafsiri. Njia iyo hiyo i wazi kwa programu za uhandisi. Istilahi kama vile kani, mchapuko na msuguano tayari zipo. Kinachohitajika ni kuzitumia. Mkazi wa chini ya mteremko ana haki ya kuelezwa hatari inayomkabili kwa lugha anayoielewa, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao.