Mjitolea wa Bustani katika Jumuiya: Cheti Chake ni Deni kwa Jirani

Mjitolea wa bustani ni mwanajumuiya wa kawaida aliyefundishwa utunzaji wa bustani, akapimwa, akapewa cheti, na kisha akakubali kuwasaidia majirani zake bila kudai malipo. Yeye si afisa ugani wala hachukui nafasi yake. Afisa ugani hutumikia kaya nyingi zilizotawanyika, na hawezi kufika kila ua kila mara mboga zinaposhambuliwa. Mjitolea hujaza pengo hilo kwa sababu anaishi pale pale, na jirani anaweza kumbishia hodi hata jioni.

Utaratibu huu umejaribiwa mahali pengi. Katika jimbo la Washington, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chuo kikuu kilizidiwa na maswali ya wananchi kuhusu bustani zao. Kikaamua kuwafundisha raia wachache kwa sharti moja: warudishe elimu hiyo kwa saa za kujitolea. Nchini Indonesia, mwaka 1989, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza kuwakusanya wakulima wa mpunga shambani ili wajifunze kwa macho yao wenyewe. Njia hiyo ilifika kwetu Tanzania, nasi tunaiita shamba darasa.

Kanisa katika eneo letu lina mfano wa zamani zaidi. Adriano Atiman, mzaliwa wa nchi inayoitwa leo Mali, alitekwa utumwani akiwa mtoto. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, wakamsomesha tiba huko Malta, naye akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Huko alihudumu kama katekista na daktari hadi kifo chake mwaka 1956. Mlei huyo alipokea elimu, akaishi katikati ya watu aliowahudumia, na elimu yake ikawa mali yao. Tunapozungumzia mafunzo ya bustani tunabaki katika njia hiyo hiyo, ingawa kazi ni nyingine.

Kwa nini tunalisema neno hili hasa kwa Mishamo? Makazi haya yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walikabidhiwa pori, wakaligeuza kuwa mashamba ya mahindi, mihogo, maharage na tumbaku. Hata hivyo, kwa miaka mingi familia nyingi ziliishi bila kujua kama zitabaki au zitaondoka, na asiyejua kesho atalala wapi huona shida kupanda mti wa matunda. Tangu mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kugawiwa kwa wale waliokubaliwa kuwa Watanzania. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliokuwa uhamishoni Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, na wautafutie amani mji walimokaa. Ikiwa agizo hilo liliwafaa wageni, linawafaa zaidi wale ambao sasa ni wenyeji.

Lipo pia jambo la afya ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, inayojulikana kwa mavuno makubwa ya mahindi, ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Ghala lililojaa peke yake halitoshi kumkuza mtoto. Anahitaji pia mboga za majani, matunda, kunde na vyakula vya asili ya wanyama. Bustani nyuma ya nyumba haimalizi tatizo lote, lakini huweka sehemu ya jibu karibu na jiko.

Mafunzo yenyewe yaendeje? Tunashauri kundi la watu 20 hadi 30 kutoka jumuiya mbalimbali likutane mara moja kwa juma, kwa msimu mzima, katika bustani moja ya pamoja, huku afisa ugani akialikwa kama mwalimu. Kwa kuwa kwetu mvua hunyesha msimu mmoja, inafaa kuanza masika yanapokaribia kwisha, ili wanafunzi wajifunze kulima wakati ulio mgumu zaidi, yaani kiangazi.

Wajifunze kwanza udongo na mboji: kupanga mabua makavu, majani mabichi, samadi na udongo kwa tabaka, kunyunyizia maji na kugeuza. Kijiti kilichochomekwa ndani ya lundo kikitoka na joto, mboji inafanya kazi. Kisha wajifunze kutunza maji: matandazo ya nyasi, tuta lililochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, na bustani ya gunia kwa wenye eneo dogo. Wajifunze kitalu, kuhamisha miche, na kutunza mbegu za mboga zetu: mchicha, ambao wengine huuita lengalenga, mnavu, mgagani, kunde na maboga.

Somo la wadudu na magonjwa lipewe uzito wa pekee. Nyanya, biringanya na pilipili ni jamii moja na tumbaku, na magonjwa kama mnyauko hupita kutoka zao moja hadi jingine. Basi zisipandwe mahali palipovunwa tumbaku. Zaidi ya hayo, dawa iliyotolewa kwa ajili ya tumbaku isipulizwe kwenye mboga, wala kopo lake lisitumike kuchotea maji. Mjitolea atakayeifikisha elimu hii moja tu katika kila kaya ya jumuiya yake atakuwa amelinda uhai.

Cheti kitolewe kwa kazi iliyoonekana. Mwanafunzi aonyeshe bustani yake mwenyewe, na angalau kaya chache alizozisaidia kuanzisha za kwao. Cheti hicho hakimpi ruhusa ya kuuza dawa wala kubahatisha majibu. Asilolijua alipeleke kwa afisa ugani. Tena huduma hii isiulize dhehebu wala dini, wala nani alizaliwa Tanzania na nani Burundi.

Katika kuwachagua, jumuiya zisitazame ufasaha wa kusema. Zimtazame yule ambaye tayari majirani huenda kwake kuomba miche. Mara nyingi atakuwa mama, hivyo muda wa mafunzo upangwe usigongane na kazi zake. Ni vema pia tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hakuna posho. Anayekuja kwa ajili ya posho ataondoka nayo, na jumuiya itabaki na daftari la mahudhurio tu.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kabla ya hapo, Kitabu cha Mwanzo kilikwisha kutuambia kuwa mwanadamu aliwekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Tunazialika jumuiya ndogo ndogo, WAWATA na vijana kuliweka jambo hili katika ajenda za vikao vyao, kila jumuiya ikipendekeza jina la mtu mmoja, na viongozi wa vigango wakatafute mapema kipande cha ardhi kilicho karibu na maji. Mungu Muumba, aliyeipanda bustani ya kwanza, aibariki kazi ya mikono yetu.