KUCHAGUA MIMBA KWA KAMERA



Hapa Sirari mke akikaa miaka miwili bila kushika mimba, maneno huanza. Mume huulizwa ng'ombe wake wa mahari walikwenda wapi. Mama mzee asiye na mtoto huoa mwanamke mwenzake, nyumba ntobhu, ili apate wa kumrithi. Siku hizi yako maneno mengine, kwamba huko miji mikubwa kuna kamera inayochagua mtoto. Wako wanaotaka kuuza ng'ombe waifuate. Ngojeni kwanza tuelezane.

Yai la mke hukutana na mbegu ya mume ndani ya mrija wa uzazi. Mirija ikiziba, hazikutani. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa Uingereza. Waganga walitoa yai lake, wakalikutanisha na mbegu za mumewe chomboni, kisha wakalirudisha katika mji wa mimba. Mtoto wake, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai, 1978. Nairobi, watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa mwaka 2006. Watu husema "mtoto wa chupa", lakini chomboni hukaa siku chache tu. Miezi yote iliyobaki yumo tumboni mwa mama yake, kama wewe na mimi.

Mara nyingi mayai kadhaa hutolewa pamoja, kwa hiyo mimba changa huwa zaidi ya moja. Ipi irudishwe? Huwekwa katika sanduku lenye joto la mwili. Humo kila moja hugawanyika: siku ya pili sehemu nne, siku ya tatu nane, siku ya tano karibu mia. Zamani mtaalamu alizitoa sandukuni kila siku, akazitazama kwa darubini. Unamjua kuku anayeatamia. Ukiyaondoa mayai kila mara kuyatazama, yanapoa. Basi kamera ikawekwa ndani ya sanduku. Hupiga picha kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, na mtaalamu huona ipi imegawanyika kwa wakati wake.

Je, watoto wameongezeka? Uchunguzi wa Uingereza na Hong Kong, uliotangazwa mwaka 2024, ulihusu watu 1,575. Waliochaguliwa mimba kwa kamera na waliochaguliwa kwa njia ya zamani walipata watoto karibu sawa, kama mmoja kwa kila watatu. Kamera huona tu. Haiponyi mimba dhaifu. Usiuze hata mbuzi kwa ajili yake.

Kinachoziba mirija mara nyingi ni kisonono na magonjwa mengine ya zinaa yasiyotibiwa. Yakitibiwa mapema, mirija husalimika. Ikisha kuziba, vidonge haviizibui.

Tena tatizo huweza kuwa la mume. Mbegu zake hupimwa hospitali kwa darubini ya kawaida, wala hakuna maumivu. Wanaume wachache huja zahanati kuuliza habari hii, na hao huja jioni watu wakisha kuondoka. Haidhuru, njooni hata jioni. Mkimaliza mwaka mmoja pamoja bila kuzuia mimba na isipatikane, njooni wote wawili, mume na mke, siku moja.