Kabla ya chumba cha tatu, ziba mwanya wa paa

Ukitaja "nyumba ndogo" mbele ya watu wazima, lazima atakuwepo wa kucheka. Leo tunazungumzia nyumba ndogo ya halali: yenye msingi, kuta na bati, ambayo familia changa inaweza kuimaliza kwa fedha za korosho.

Mdogo wangu anajenga Newala. Baada ya mauzo ya korosho alinionyesha ramani aliyoichora kwenye karatasi ya daftari: vyumba vitatu na sebule. Fedha zake zingetosha kuinua kuta na kuezeka tu. Nyavu za madirisha na kuziba juu ya kuta vingesubiri msimu mwingine. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa ameugua malaria mara mbili katika msimu mmoja wa mvua.

"Toa chumba kimoja, nyumba iishe," nilimwambia.

"Sawa dada, na mama akija kutoka Masasi atalala wapi?"

Nilikosa jibu la haraka. Swali kama hilo ndilo linalowafanya wengi wahamie kwenye nyumba kubwa isiyokwisha, wakaishi humo miaka na matundu yake.

Mbu wa malaria hutafuta damu zaidi usiku. Hufuata harufu yetu na hewa tunayotoa, akifika ukutani hupanda, kisha hupenya kwenye mwanya kati ya ukuta na paa. Nyumba ya udongo na nyasi ina mwanya huo, na hata ya matofali na bati huwa nao fundi akiuacha wazi.

Ukiuziba, chumba chini ya bati huwa na joto. Dawa yake ni madirisha mawili yanayotazamana, yote yakiwa na wavu, ili upepo upite. Mlango nao ufunge vizuri, usiache nafasi chini. Chandarua kinaendelea kutumika kama kawaida.

Kimo pia kina kazi yake. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kibanda kilichoinuliwa mita 3 kutoka ardhini kiliingiwa na mbu wa malaria wachache kwa asilimia 84 kuliko kilichokuwa chini.

Hapa kwetu mkoani Mtwara wazo hilo limejengwa kweli. Mradi wa Star Homes umejenga nyumba 110 katika vijiji 60, kwa ajili ya utafiti wa afya ya watoto. Ni nyumba nyembamba za ghorofa moja. Vyumba vya kulala viko juu, kuta zinapitisha hewa lakini si mbu, jiko limepangwa ili moshi utoke, choo kimezuiwa nzi, na maji ya mvua yanakingwa kutoka kwenye paa.

Si kila mtu atajenga ghorofa, lakini mengine yanaigika. Jiko liwe kando, moshi usiingie wanakolala watoto. Na maji, shida ya siku zote huku juu uwandani, yaanze kuhesabiwa kwenye ramani. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 6, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 720, yaani ndoo 36 za lita 20. Hata kikipotea kiasi, mama amepunguziwa safari. Kisima cha kuhifadhia au tanki kifunikwe vizuri, kisije kikawa mazalia ya mbu.

Mdogo wangu alipiga hesabu upya na fundi wake. Bei ya matofali, bati na mbao za chumba cha tatu ilitosha kuziba juu ya kuta, kuweka nyavu kwenye madirisha yote na kufunga mfereji wa kukinga maji. Bado alisita kwa sababu ya mama, hadi tulipompigia simu.

"Mimi nitalala na mjukuu wangu," alisema. "Mnadhani nakuja huko kulala peke yangu?"

Nyumba ina vyumba viwili sasa, na imeisha. Nafasi ya cha tatu imeachwa upande wa nyuma, ikisubiri korosho.