Karatasi Haitiwi Chai

Nimeulizwa tena swali lile lile, na safari hii aliyeuliza ni kijana mwenye bidii, aliyekusudia kujitengenezea kwa mkono wake kitabu cha marejeo cha kutumia katika mchezo wa Dungeons & Dragons: je, karatasi zikae katika chai kwa muda gani, na chai iwe kali kiasi gani, hata kitabu kifanane na vile vya wenye elimu ya sihiri wa zamani? Hakuuliza habari ya uzi wala ya mkunjo, wala kipi kitiwe ndani na kipi kiachwe. Na waliomtangulia waliuliza hivyo hivyo, wengine wakitaja kahawa mahali pa chai na joko mahali pa jua. Kazi yangu ni kujalidi vitabu, na mchezo huu naucheza na kuupenda. Kwa hiyo nimeona ni wajibu kujibu bayana kwamba karatasi haitiwi chai kabisa, kidogo wala nyingi.

Asili ya kosa hili ni dhana kwamba ukale una rangi ya udongo. Si kweli. Biblia iliyopigwa chapa na Gutenberg mjini Mainz yapata mwaka 1455 ingali na karatasi zenye weupe wa kupendeza, kwa sababu karatasi ya zama zile ilifanywa kwa matambara ya kitani yaliyopondwa. Na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne za 18 na 19, haiba yake yatoka katika hati na nakshi za wino wa rangi, wala si katika uchakavu wa ukurasa. Ule wekundu wa kutu tunaouona katika vitabu vya babu zetu ni maradhi, si heshima ya umri. Viwanda vya karne ya 19 vilipoacha matambara vikageukia miti, na vikaitia karatasi shabu pamoja na ulimbo wa misonobari ili wino usisambae, shabu ile ilizaa asidi ndani ya karatasi yenyewe, na asidi ikazikatakata nyuzi zake mwaka baada ya mwaka, hata ukurasa ukawa wa kuvunjika kila unapokunjwa pembe. Anayechovya karatasi katika chai anaiga dalili za ugonjwa, na juu ya hayo anauita ugonjwa wenyewe.

Maana chai ina asidi, na kahawa kadhalika. Karatasi nyingi za ofisini za siku hizi hutiwa kiwandani unga wa chokaa, ambao ni akiba ya kuikinga na asidi kwa miaka mingi. Wewe waanza kuila akiba hiyo kabla hujaandika hata herufi moja, kisha waitia karatasi katika joko, na joto huharakisha uharibifu ule ule. Hata maji peke yake, yangekuwa safi namna gani, huzivimbisha nyuzi, nazo zikikauka hazirudi mahali pake, bali ukurasa huwa na mawimbi, mikunjo haikai sawasawa, na kitabu huvimba upande wa mbele hata jalada halifungi. Huambiwa kwamba pasi itanyoosha. Pasi ni joto jingine. Wanaochapa kwanza kwa mashine ya wino wa maji huuona wino ukichuruzika ndani ya beseni, na wanaochovya kwanza huziona karatasi zao zikikwama ndani ya mashine. Na kwa aliye pwani, karatasi iliyokauka nusu ni makao ya kuvu.

Hoja iliyo nzito kuliko zote, walakini, ni ya macho. Kitabu cha marejeo hufunguliwa katikati ya vita, dadu lenye nyuso 20 likiwa limekwisha kutupwa, taa ni hafifu, wenzako wamenyamaza wanakungoja, nawe wataka kujua upesi jambo gani humpata mhusika aliyepooza. Maandishi meusi juu ya ukurasa mweupe husomeka kwa mtupo mmoja wa jicho, ilhali juu ya madoa ya hudhurungi hutafutwa. Na kitabu kinachowakawiza wachezaji kimeshindwa kazi iliyokileta duniani. Ukitaka ukale, uweke juu ya jalada: ngozi, nakshi, kifungo cha shaba, chochote roho ipendacho. Ndani tumia karatasi ya rangi ya maziwa iliyotoka hivyo kiwandani.

Sasa kazi yenyewe. Karatasi ya A4 ya madukani aghalabu nyuzi zake hulala kwa urefu, na ukiikunja nusu mkunjo huzikata nyuzi, kitabu kikakataa kulala wazi. Basi nunua A3 ya namna hiyo, uikate katikati, upate A4 ambazo zikikunjwa nyuzi zitafuata mgongo. Karatasi nne kila mkunjo, yaani kurasa 16. Matundu matano kwa msharasi. Uzi wa kitani uliopakwa nta. Na mshono wa Kikopti, uliotumiwa na Wakristo wa Misri ya kale, ambao hauhitaji gundi mgongoni na hukiacha kitabu kilale bapa mezani bila kushikwa. Usinakili kanuni zote, kwani kitabu kikubwa umekwisha kuwa nacho. Tia hali 15 za mhusika, kuanzia upofu hata kuzirai, jedwali la ugumu lenye mistari sita, 5 kwa jambo jepesi kabisa na 30 kwa lililokaribia kutowezekana, na sihiri za mhusika wako peke yake, kila moja na ukurasa wake. Sehemu kubwa ya kanuni za toleo la tano la mchezo huu ilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, hivyo waweza kuichapa mradi umtaje mwenyewe. Yaliyo nje ya hapo yafupishe kwa maneno yako. Ikiwa mhusika wako angali mchanga na sihiri zake hubadilika kila mara, usishone bado: tumia faili dogo la pete mpaka atulie, na katika kila mkunjo utakaoshona baadaye uache kurasa mbili tupu.